Vema Haimaanishi "Umepata" Kila Mahali

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha (sisi wa ualimu tunasema TP tu), nilipewa Hisabati ya kidato cha kwanza. Mikondo miwili, madaftari mia na kitu, na kila Ijumaa yawe yamepitiwa. Sasa wewe niambie, hayo utayasahihisha swali kwa swali saa ngapi? Nikafanya nilivyoona wengine wakifanya: vema moja kubwa nyekundu chini ya ukurasa, sahihi yangu, tarehe, lete lingine. Kwangu mimi vema ile ilimaanisha "nimeliona".

Likaja jaribio la sehemu. Binti mmoja kajumlisha 1/2 na 1/3, kapata 2/5. Kajumlisha 3/4 na 1/5, kapata 4/9. Yaani juu kwa juu, chini kwa chini, karatasi nzima. Nikamwekea kosa mpaka mwisho. Kipindi kilipoisha akanifuata na daftari lake. "Madamu, samahani. Njia ni hii hii, na huku ulinipa vema." Nikaangalia. Kweli, 2/5 ipo, na chini yake vema yangu na sahihi yangu. Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa amejisomea kosa kwa wiki tatu akiamini mwalimu kalipitisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia hizi alama kwa jicho lingine. WhatsApp, tiki moja ni ujumbe umeondoka, mbili umefika, na zikiwa za bluu umesomwa. Hakuna hata moja inayosema mtu amekubali, ingawa tunagombana kana kwamba inasema. Twitter, tiki ya bluu ilikuwa ya watu waliothibitishwa, mpaka 2022 ilipoanza kuuzwa. Kwenye dodoso za utafiti tunaandika "weka alama ya vema (√)", na hapo vema ni "hili linanihusu", basi. (Halafu ile √ wala si vema, ni alama ya kipeuo cha pili. Tunaichomeka kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi kwenye kompyuta.)

Kura ndiyo inanichekesha. Hapa Tanzania unaweka vema kwenye kisanduku cha mgombea unayemtaka. Uingereza karatasi ya kura inakuambia uweke X. Alama ileile inayomliza mtoto darasani, kule ndiyo inayompeleka mtu bungeni.

Na hata darasani kwenyewe si kila nchi. Japani jibu lililopatikana huzungushiwa duara. Ukikuta kialama kama vema yetu, umekosa. Finland na Sweden pia vema ya mwalimu kwa kawaida ni kosa, na Wasweden huandika R kwa jibu sahihi. Mwanachuo mwenzangu unayewaza skolashipu za huko, usije ukashangilia karatasi bure.

Lakini tofauti za nchi si tatizo kubwa, maana ukifika utaambiwa. Balaa ni mkono mmoja, kalamu moja, daftari moja, alama moja yenye maana mbili, na anayejua ni mwalimu peke yake. Wenzangu tunaokwenda TP mwaka huu, tukisema "ni vema ya kuona tu", mwanafunzi atajuaje?

Mimi nilibadilisha. Daftari nisilosahihisha naandika "nimeona" na tarehe, bila vema. Vema inabaki kwa jibu nililolisoma. Kazi iliongezeka, siwadanganyi, na Ijumaa nyingine sikumaliza. Yule binti nilikaa naye mapumziko mawili tukarudia kutafuta asili za pamoja, akaelewa vizuri tu. Ila kila nilipomrudishia daftari, kabla hajaondoka, aliuliza kwanza: "Madamu, hii ni ya kuona au ya kupata?"