Usiuze Kinga Yako!

Ndugu kijana wa Kapalata, wewe unayebeba watu kwa toleka kusudi upate makuta, sikia habari ya Biniam Girmay, mzaliwa wa Asmara, Eritrea. Mwezi wa 5, 2022, alishinda siku moja ya Giro, mashindano makubwa ya kinga kule Italia. Kufungua chupa ya shangwe, kizibo kikamruka jichoni! Akapelekwa hospitali, kesho yake hakupanda tena. Je, aliacha? Hapana! Mwaka 2024 alishinda siku 3 za Tour de France, akapata shati la kijani la mwenye pointi nyingi. Mbele yake hakuna Mwafrika mweusi aliyefanya vile. Basi ukianguka leo, upone kwanza, kisha urudi barabarani.