Come-we-stay: korti inaweza kukushow hamkuwahi oana

Story ya keja za Kibera na Kawangware unaijua. Dame analeta begi Ijumaa, Jumatatu nguo zake ziko kwa kamba, mwaka ukiisha ploti nzima inamwita Mama Brayo. Hakuna pasta, hakuna ruracio. Hiyo ndio come-we-stay, na siku za kawaida haina noma.

Noma ni siku mmoja wenu anadedi. Watu wa ushago wanakuja na lori, wanabeba TV mpaka sufuria, na swali lao ni moja: cheti cha ndoa kiko wapi?

Kitambo korti zilikuwa zinaokoa hapo. 1976, kwa kesi ya Yawe, majaji wa rufaa walisema mkiishi pamoja miaka mingi, mna watoto, na watu wanawajua kama bibi na bwana, korti inachukulia mmeoana. Wanasheria wanaita dhana ya ndoa.

Lakini Januari 27, 2023, Supreme Court ilikaza nati. Mama mmoja na mzee walikuwa wameishi pamoja tangu 1986, wakanunua ploti Dagoretti na kujenga nyumba za kupangisha. Majaji wakasema hii si ndoa, juu mama alikuwa bado kwa ndoa ingine. Halafu wakaongeza kuwa hiyo dhana itumike kwa nadra sana. Mali ikagawanywa kulingana na nani alitoa nini: mama 70%, mzee 30%. Hapo mapenzi hayakuhesabiwa, manze. Kwa hivyo zile risiti za mabati na meseji za M-Pesa, usifute.

Na usidhani hii ni tabia ya mtaa pekee. London ya miaka ya 1700, wasee walikuwa wanaoana chapchap pande za jela ya Fleet, mbele ya makasisi wenye madeni, bila tangazo na bila wazazi kujua. Bunge likachoka. Sheria ya Hardwicke ya 1753 ikasema ndoa bila kutangazwa kanisani ama leseni ni bure, na kuanzia 1754 mapenzi ya haraka yakahamia Gretna Green, Scotland, ambako hiyo sheria haikufika.

Yetu ni ya 2014, na si ngumu vile watu husema. Ndoa ya serikali inataka muwe 18 kwenda juu, notisi ya siku 21 na mashahidi wawili. Ya kimila nayo inaandikishwa pia.

Watoto wako sawa: Katiba inasema wazazi wote wawili wanawajibika, muwe mmeoana ama hamjaoana. Ni wewe mtu mzima ndio uko nje kwa baridi.

Na boyz, hiyo story ya "bado natafuta ng'ombe" ilikufa 2014. Sheria inasema mahari kidogo tu, ya kuonyesha nia, inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila.