Kidonge Kipimacho Mionzi Ngozini

Mama mmoja wa huku Malambo alirudi kutoka Dar es Salaam, alikotibiwa kansa ya mlango wa kizazi. Akaja ofisini, akauliza: “Mwalimu, kila siku walinipiga picha kwanza, ndipo wakanitibu. Picha zote hizo hazikuniunguza ngozi?”

Ana haki kuuliza. Röntgen, Mjerumani, alipogundua eksirei mwaka 1895, watu hawakujua ubaya wake. Clarence Dally, msaidizi wa Edison kule Marekani, aliungua mikono hata ikakatwa, akafa mwaka 1904. Madaktari wa zamani walitumia ngozi yenyewe kuwa kipimo: ilipogeuka nyekundu, walijua mionzi imetosha!

Siku hizi kuna kidonge cha chumvi ya lithiamu, kidogo kama ushanga wanaotunga mama zetu. Hubandikwa ngozini wakati wa kupiga picha, nacho hutunza alama ya mionzi. Baadaye hupashwa moto mkali, kikatoa mwanga. Mionzi ikiwa mingi, mwanga huwa mwingi. Watumishi wa mionzi nchini nao huvaa vidonge vya namna hii kifuani, navyo husomwa na Tume ya Nguvu za Atomu.

Mbona wapime ngozi hasa? Mionzi ya kutibu ina nguvu sana, hupenya ikafanya kazi zaidi huko ndani. Ile ya picha ni dhaifu, basi sehemu yake kubwa hubaki karibu na ngozi.

Tupige hesabu. Mionzi hupimwa kwa gray. Matibabu ya nyonga yaweza kufika gray 50 kwa siku 25. Picha moja yaweza kuipa ngozi sehemu 20 za gray iliyogawanywa elfu. Mara 25 ni nusu gray, yaani 1 katika 100 ya matibabu. Wataalamu wa Marekani walishauri mwaka 2018 kwamba picha zikizidi 5 katika 100, zihesabiwe pamoja na matibabu.

Nilimweleza kwamba weusi uliobaki kinenani ni wa matibabu, si wa picha. Tena picha ndiyo huonyesha kama amelala sawasawa na jana. Pasipo hiyo, mionzi mikali yaweza kukosa uvimbe ikapiga kibofu.

Jirani yake, mgonjwa vilevile, alikwisha kukataa safari kwa hofu ya picha hizo. Juzi walikuja wote wawili, nikamwandikia barua ya kwenda hospitali.