Nani anakaa na mtoto mgeni bwaloni? Swali la kuiuliza shule ya Kikatoliki kabla ya kulipa ada

Kila Januari, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis jijini Dar es Salaam hujaa matranka, magodoro yaliyokunjwa na ndoo zilizoandikwa majina kwa rangi. Ni msimu wa kupeleka watoto kidato cha kwanza, na si wachache wanaoelekea shule za bweni zinazomilikiwa na majimbo na mashirika ya Kanisa Katoliki mikoani.

Ukimuuliza mzazi kwa nini amechagua shule hiyo, majibu hayatofautiani sana: nidhamu, ufaulu na malezi ya kiimani. Hata familia za Kiislamu na za madhehebu mengine ya Kikristo hupeleka watoto wao huko kwa sababu hizo hizo.

Ni sababu nzuri. Lakini kuna swali ambalo wazazi wengi hatuulizi siku ya kuchukua fomu: jioni ya kwanza, mzazi akishaondoka, nani atakaa na mtoto huyu bwaloni?

Linaonekana swali dogo. Kwa afya ya mtoto, si dogo hata kidogo.

Upweke una dalili zake

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Nalo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilieleza mwaka 2019 kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alionewa na wenzake shuleni ndani ya mwezi mmoja kabla ya kuulizwa.

Mtoto wa kidato cha kwanza anaingia bwenini katika umri huo huo. Mwili unabadilika, nyumbani ni mbali, na kwa waliosoma shule za msingi za Kiswahili, hata lugha ya kufundishiwa inageuka kuwa Kiingereza siku hiyo hiyo.

Mtoto huyu mara nyingi hasemi, "Nina upweke." Anasema kichwa kinauma. Anasema tumbo linauma. Anakwenda zahanati ya shule mara tatu kwa wiki, anapimwa malaria na haionekani. Wengine wanaacha kula, wanakosa usingizi, au wanaanza tena kukojoa kitandani wakati walishaacha miaka mingi iliyopita. Alama za darasani nazo zinashuka.

Mzazi asikimbilie kusema anadeka. Maumivu yanayotokana na msongo wa mawazo ni maumivu ya kweli. Kukumbuka nyumbani wiki za kwanza ni jambo la kawaida, na kwa watoto wengi hupungua wenyewe. Lakini hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, au mtoto akianza kusema hana maana au hataki kuishi, hapo anahitaji msaada wa mtaalamu wa afya bila kuchelewa.

Kinachopunguza hali hii si siri kubwa. Tafiti za afya ya vijana katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwa muda mrefu kuwa mwanafunzi anayejiona ni sehemu ya shule yake, anayefahamika kwa jina na walau mtu mzima mmoja na mwenye rafiki wa karibu, ana uwezekano mdogo wa kuzama kwenye sonona au kuingia kwenye ulevi.

Njuka anapopewa jembe usiku wa kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika baadhi ya mabweni, njuka hupewa jembe usiku wa kwanza. Anatumwa kuchotea wakubwa maji alfajiri, anafulia watu nguo, anapandishwa juu ya meza aimbe, na sukari aliyofungiwa na mama yake inagawanywa mbele ya macho yake. Akilalamika anaambiwa hata wao walipitia.

Sasa fikiria njuka huyo ana selimundu. Maji ya baridi alfajiri, kazi ya kuchosha na kukosa maji ya kunywa ya kutosha vinaweza kumletea maumivu makali ya kumlaza hospitali. Fikiria ana pumu na amepewa kufagia bweni lenye vumbi. Fikiria anatumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na tranka lake linafunguliwa na mtu yeyote anayejisikia. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuacha dawa ili siri yake isijulikane.

Na haya yanaweza kutokea katika shule ambayo misa husaliwa kila asubuhi, kwaya inaimba vizuri na rozari haikosi. Sala na uonevu vinaweza kuishi chini ya paa moja kama hakuna mtu anayewafundisha wanafunzi kuwa anayesali nao kanisani ndiye yule yule wanayemtesa bwenini.

Imani inavyopaswa kuonekana

Mafundisho ya Kanisa yenyewe hayajaacha nafasi ya kutenganisha mambo haya mawili. Oktoba 28, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko kuhusu elimu ya Kikristo. Tamko hilo linaeleza kuwa alama ya shule ya Kikatoliki ni mazingira ya kijumuiya yanayoongozwa na roho ya Injili ya uhuru na upendo. Pia linawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza wa watoto wao. Kwa hiyo mzazi anayeuliza kuhusu maisha ya bwenini haingilii kazi ya shule. Anatimiza wajibu wake.

Mtakatifu Benedikto, ambaye kanuni yake ya karne ya sita inafuatwa hadi leo na wamonaki wa Peramiho na Ndanda, aliagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Naye Mtakatifu Yohane Bosco, padri wa Italia aliyezaliwa mwaka 1815 na kuwakusanya vijana wa mitaani mjini Turin, alijenga malezi yake juu ya nguzo tatu: akili, dini na upendo. Alitaka mlezi awe katikati ya vijana hata wakati wa mchezo, azuie kosa kabla halijatokea badala ya kusubiri kuadhibu. Katika barua yake ya mwaka 1884 alieleza kuwa haitoshi vijana kupendwa. Wao wenyewe wanapaswa kuona kuwa wanapendwa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna njia ambayo familia za Kikatoliki zinaifahamu: jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa ukanda huu walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Majirani wanasali nyumba kwa nyumba, na hapo hapo wanajua nani anaumwa, nani amefiwa na nani hajaonekana.

Utaratibu huo unaweza kuingia bwenini. Wanafunzi kumi au kumi na wawili wa vidato tofauti wanakuwa jumuiya moja yenye mlezi wake, mwalimu au sista. Wanakutana mara moja kwa wiki, wanasoma Injili, kisha wanaulizana: wiki hii nani hayuko sawa? Kila njuka anakabidhiwa kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, ambaye kwa wiki mbili za kwanza anamwonyesha choo na zahanati, anakaa naye mezani na anamsindikiza ibadani. Mkubwa aliyepewa mtoto wa kumlinda si rahisi kumgeuza kuwa mtumishi wake.

Hii haihitaji jengo jipya wala mfadhili. Inahitaji ratiba na mtu mzima wa kuifuatilia.

Mtoto asiye Mkatoliki

Desemba 7, 1965, Mtaguso huo huo ulitoa tamko juu ya uhuru wa dini, na sheria za Kanisa zinakataza mtu kulazimishwa kuingia imani ya Kikatoliki kinyume na dhamiri yake. Shule ina haki ya kuwa na sala na ratiba zake, na mzazi anapaswa kuzifahamu kabla ya kusaini fomu. Lakini kukaribisha ni zaidi ya kukubali ada.

Mtoto wa Kiislamu anapata futari na daku mwezi wa Ramadhani, au anaambiwa jiko limefungwa? Ana mahali pa kuswali? Mtoto wa Kilutheri ameelezwa mapema kwamba hatapokea Komunyo, au ataligundua hilo mbele ya wenzake na kubaki ameinama kwenye benchi? Haya yanamalizwa kwa mazungumzo ya nusu saa na mkuu wa shule kabla ya muhula kuanza, na makubaliano yakiandikwa ni bora zaidi.

Dirisha la mhasibu

Shule za Kanisa zinaendeshwa kwa kiasi kikubwa na ada. Bila ada hakuna mishahara ya walimu wala maharage bwaloni, na mzazi anapaswa kulipa kwa wakati au kuzungumza mapema anapokwama.

Hata hivyo, deni ni la mzazi. Kusoma jina la mtoto mstarini, au kumtoa katikati ya mtihani wakati wenzake wanamtazama, kunamfundisha kuwa nafasi yake pale inategemea mfuko wa baba. Kuna njia nyingine: kumpigia mzazi simu, barua iliyofungwa, mpango wa kulipa kwa awamu, au kuzungumza na paroko wa familia. Lengo la kudai linabaki, na heshima ya mtoto inabaki.

Heshima kwa mapadri na masista isimzibe mtoto mdomo

Watoto wetu tunawafundisha kuwaheshimu mapadri, masista na walimu. Ni vizuri. Tuwafundishe pia kwamba hakuna mtu mzima, awe na cheo gani, mwenye ruhusa ya kuwashika sehemu za siri au kuwaambia watunze siri inayowaumiza. Kanisa lenyewe limeliona hilo: Mei 2019 Papa Fransisko alitoa waraka unaowabana mapadri na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji, na kutaka majimbo yawe na utaratibu wa kuzipokea. Kuripoti si kulivunjia Kanisa heshima.

Serikali nayo imekuwa ikihimiza shule ziwe na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Mtoto au mzazi anaweza kupiga Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, bila malipo, au kufika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Maswali ya kwenda nayo shuleni

Unapokwenda kuchukua fomu, pamoja na matokeo ya kidato cha nne, uliza haya:

1. Mgeni anapokewa na nani, na nani anamfuatilia mwezi wa kwanza?
2. Usiku bwenini yupo mtu mzima, au wanaachiwa viranja peke yao?
3. Mtoto akionewa, anamwambia nani zaidi ya kiranja wake?
4. Dawa za mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu zinatunzwa wapi, na nani anajua siri yake?
5. Mtoto wa imani nyingine anaishije hapa wakati wa ibadani na wakati wa mfungo?
6. Nikichelewa ada, mtajulisha nani kwanza?

Mkuu wa shule anayejibu bila kukasirika tayari amekupa nusu ya jibu. Ukipata nafasi, tembea hadi bwaloni wakati wa chakula. Angalia wanaokula peke yao, na angalia kama kuna mwalimu anayewaona.

Nawe una kazi yako. Andika ugonjwa wa mtoto kwenye fomu, usiufiche kwa kuogopa kukataliwa nafasi, na zungumza na matroni au patroni ana kwa ana. Siku ya kutembelea wanafunzi, beba chakula cha ziada, kwa sababu lazima kutakuwa na mtoto ambaye wazazi wake hawakupata nauli. Mwite akae nanyi kwenye mkeka.

Na kama mtoto wako si mgeni tena, yuko kidato cha tatu au cha nne, swali hili linakuhusu zaidi, kwa sababu yeye ndiye mwenyeji. Wahenga walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana aliyejifunza kumlinda mdogo wake wa bwenini amepata somo la dini ambalo mtihani haulipimi. Akipiga simu wiki hii, baada ya kumuuliza masomo na hela ya matumizi, muulize na hili: njuka aliyelala kitanda cha jirani yako anaitwa nani, na leo amekula na nani?