Rangi ya chuma inabanduka? Muulize fundi alifanya nini kabla ya kupaka

Mnaouza stendi za viatu, rafu na viti vya chuma mtandaoni, hii ni ya kwenu. Mzigo mpya kwenye picha unapendeza siku zote. Balaa linakuja mwezi wa pili, mteja anakurushia picha rangi imevimba kwenye kona na chini yake kutu tupu. Hapo ndo anadai hela yake, na ukimzungusha anahamia kwenye komenti, wanunuzi wengine wanasoma.

Wengi wanalaumu rangi. Mara nyingi rangi haina kosa.

Angalia Marekani. Kuna karakana ndogo kule kazi yao ni kupaka vyuma vya bunduki rangi ya Cerakote, ambayo ina seramiki ndani. Ikishakauka unene wake ni kama mikroni 25, nyembamba kuliko unywele, lakini inavumilia jasho na kusuguana na mfuko wa bunduki kila siku. Kazi kubwa iko kabla ya rangi. Kipande kinafunguliwa chote, kinalowekwa kwenye asetoni kutoa mafuta, halafu kinapigwa chembe kali kwa hewa mpaka uso ukwaruzike, rangi ipate pa kung'ang'ania. Kuanzia hapo hakishikwi kwa mkono mtupu, maana alama ya kidole tu ni mafuta. Wanakioka kwanza bila rangi ili mafuta yaliyojificha yatoke. Ndo wanapaka, na ile aina ya kuoka inakaa kwenye nyuzi 121 kwa saa 2.

Sasa rudi kwa fundi wako wa kuchomelea. Oveni sawa, hana. Ila tina na kitambaa safi anavyo (kitambaa kile kile cha kufutia mikono hapana, kinahamisha mafuta tu). Chuma kipya kina ngozi nyeusi ya kiwandani, wengi wanapaka juu yake, na ile ngozi ikiachia inaondoka na rangi yote. Itoke kwa grenda au msasa, pamoja na magamba ya kuchomelea. Praima ipakwe siku hiyo hiyo, hasa sisi wa pwani, chuma kitupu kikilala usiku mmoja kinaamka na kutu. Na rangi mara mbili nyembamba, sio mara moja nzito inayochuruzika.

Kabla hujalipa mzigo, subiri rangi ikauke kabisa, chukua wembe, kata vistari vya kupishana sehemu iliyojificha mpaka upate viboksi vidogo. Bandika selotepu, kandamiza, vuta. Viboksi vikitoka na selotepu, usipokee. Viwandani wana kipimo cha namna hii, kinaitwa ISO 2409, wewe unafanya kwa wembe wa dukani.

Fundi atakwambia maandalizi yanaongeza bei. Kweli yanaongeza, mlipe. Ila akutumie picha ya chuma kikiwa kitupu, kabla ya praima. Akisema ameshapaka, nenda na wembe wako.