Mbio zilizosimamishwa na maharamia katikati ya bahari

Fikiria Simba na Yanga wanakipiga Kwa Mkapa. Dakika ya 80 mwamuzi anasimamisha mpira, timu zote zinapakiwa kwenye basi moja lenye walinzi wa bunduki, halafu zinamalizia dakika 10 uwanja mwingine. Si ungedai nauli yako?

Mabaharia wa Volvo Ocean Race, mbio za boti za matanga kuzunguka dunia, yaliwakuta hayo. Desemba 11, 2011 waliondoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, kipindi ambacho maharamia wa Kisomali walikuwa wakiteka hadi mbali kabisa na pwani yao. Februari mwaka huohuo boti ya matanga ya Quest ilitekwa ikiwa baharini upande wa Oman, Wamarekani wanne waliokuwamo wakauawa. Kabla ya hapo, mwaka 2009, mume na mke Waingereza walitekwa wakitoka Shelisheli kuja huku kwetu Tanzania. Walishikiliwa siku 388.

Boti ya matanga haina ujanja. Iko chini, karibu na maji, watu ni wachache, na upepo ukikata imekwisha habari yake.

Basi waandaaji wakaikata safari. Boti zilikimbia hadi bandari ya siri, na zilipoikaribia hata mashabiki waliozifuatilia mtandaoni wakafichiwa zilipo. Baadaye ikajulikana ni Malé, Maldives. Hapo zikapandishwa juu ya meli ya mizigo yenye ulinzi wa silaha hadi Sharjah, kisha zikashushwa majini zimalizie kipande kifupi cha kuingia Abu Dhabi.

Telefónica ya Hispania ilishinda kipande kirefu, kilichobeba asilimia 80 ya pointi. Azzam, boti ya wenyeji, ikachukua kile kifupi na kushangiliwa nyumbani kama bingwa. Sawa, lakini bahari yenyewe ilivukwa na meli!

Mwaka 2014 walifika Abu Dhabi kwa matanga yao wenyewe, ila walichorewa eneo wasilokanyaga. Toleo la 2022-23 halikugusa kabisa upande huo: kutoka Cape Town lilikwenda Itajaí, Brazil, kupitia bahari za kusini.

Na Machi 2024, meli ya MV Abdullah iliyotoka Maputo ilitekwa na Wasomali ikiwa na mabaharia 23 wa Bangladesh. Waliachiwa mwezi uliofuata.