Ukelele Nyuma ya Sauti ya Mzee

Johnny Winter, mpiga gitaa wa bluzi na roki kutoka Texas, aliacha santuri nyingi zenye jina lake jaladani. Hata hivyo sauti yake inayoganda zaidi masikioni haimo katika santuri yake, wala si ya gitaa. Imo mwanzoni mwa "Mannish Boy", wimbo unaofungua albamu ya mwimbaji mkongwe wa bluzi Muddy Waters iitwayo Hard Again, iliyotoka Januari 1977. Muddy anaanza peke yake, anaivuta sauti taratibu bila chombo chochote. Kutoka nyuma, mbali kidogo na kipaza sauti, mtu anamwitikia kwa ukelele wa furaha. Mzee anavuta tena, ukelele unajibu tena. Ndipo dramu, besi, piano na harmonika vinapoanguka kwa kishindo kimoja. Anayepiga ukelele huo ni prodyuza mwenyewe.

Kazi ya prodyuza, kama ilivyozoeleka, ni kusafisha. Hukaa nyuma ya kioo na fundi mitambo, akiondoa kikohozi, mkwaruzo na kila sauti isiyohusika. Winter aliiacha sauti yake kwenye mkanda, tena mlangoni kabisa mwa albamu ya mtu mwingine. Ili kuuelewa uamuzi huo lazima kurudi nyuma, hadi Beaumont, Texas.

Winter alizaliwa katika mji huo tarehe 23 Februari 1944. Yeye na mdogo wake Edgar, ambaye naye alikuja kuwa mwanamuziki maarufu, walizaliwa na ualbino, na macho ya Johnny yalikuwa dhaifu mno tangu utotoni. Masikio ndiyo yaliyomtembeza. Clarence Garlow, mwanamuziki mweusi aliyekuwa mtangazaji wa redio ya KJET mjini humo, ndiye aliyemfungulia mlango wa bluzi za mashambani na za Louisiana. Akiwa na miaka 15 tayari alikuwa amerekodi santuri yake ya kwanza, "School Day Blues", na kundi lake la Johnny and the Jammers.

Mwaka 1962 ndugu hao wawili waliingia klabu ya Raven, Beaumont, kumsikiliza mpiga gitaa wa bluzi B.B. King. Ukumbi ulikuwa wa watu weusi, na wao ndio weupe pekee waliokuwamo. Johnny aliomba apige wimbo mmoja. King, asiyemjua kijana huyu hata kidogo, alimtaka kwanza aonyeshe kadi ya chama cha wanamuziki. Kadi ilikuwapo. Akapewa gitaa la King mwenyewe, na alipomaliza ukumbi mzima ulisimama kumshangilia.

Umaarufu ulikuja kwa ghafla. Desemba 1968 jarida la Rolling Stone lilimtaja katika makala kuhusu wanamuziki wa Texas. Meneja Steve Paul akamfuata na kumpeleka New York, na baada ya muda mfupi kampuni ya Columbia ikamsainisha mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola 600,000. Agosti 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Woodstock. Mwaka huohuo ilitoka Second Winter, albamu ya sahani mbili yenye pande tatu tu za muziki, upande wa nne ukiwa mtupu. Sababu yake inastahili kutajwa. Kadiri upande mmoja wa santuri unavyobebeshwa dakika nyingi, mifereji hubanana na sauti hufifia. Nyimbo zilizidi pande mbili na hazikutosha nne, kwa hiyo ikaonekana ni bora kuuza plastiki tupu kuliko kupunguza mshindo. Mtu wa namna hiyo alikuwa na sikio la prodyuza kabla hajaitwa prodyuza.

Heroini ikamwingilia. Mwaka 1971 aliacha kazi na kulazwa hospitalini kutibiwa, akarudi mwaka 1973 na albamu Still Alive and Well. Viwanja vikubwa vilikuwa bado vinamngoja, lakini moyo wake ulikuwa kwingine.

Muddy Waters wakati huo alikuwa mzee wa miaka 60 na ushee. Kampuni ya Chess ya Chicago, iliyotoa vibao vyake vyote vya miaka ya 1950, ilikuwa imeuzwa mwaka 1969 na baadaye ikafifia. Kabla ya hapo ilishajaribu kumvisha nguo za vijana: Electric Mud ya mwaka 1968 ilimzungushia magitaa ya kukwaruza na vikorombwezo vya zama zile, na Muddy mwenyewe hakuficha kwamba hakuipenda. Winter alipopata nafasi ya kumsimamia chini ya lebo ya Blue Sky, iliyokuwa ya meneja wake, swali la kwanza lilikuwa nini cha kuongeza. Jibu lake lilikuwa kutoongeza kitu.

Oktoba 1976 walikutana Westport, Connecticut, katika studio ya nyumbani kwa Dan Hartman, mpiga besi wa kundi la Edgar. Nyumba hiyo zamani ilikuwa shule. Siku hizo studio nyingi zilikuwa zikimtenga kila mwanamuziki: dramu kwenye kibanda chake, gitaa nyuma ya ukuta wa sponji, mwimbaji aje mwisho, siku nyingine, aimbe juu ya mkanda. Winter alifanya kinyume. Aliwaweka wote chumba kimoja wapige kwa pamoja, na vipaza sauti vingine vikakaa mbali na ala ili vinase chumba chenyewe. Dramu ikavuja kwenye kipaza sauti cha mwimbaji, harmonika ikavuja kwenye cha gitaa. Kwa mpangilio huo kosa la mtu mmoja haliwezi kukatwa peke yake. Ama wimbo mzima unarudiwa, ama kosa linabaki na linakuwa sehemu ya wimbo. Siku chache tu zilitosha kumaliza kazi.

James Cotton alipuliza harmonika, Pinetop Perkins alikuwa kwenye piano, Willie "Big Eyes" Smith kwenye dramu, Charles Calmese kwenye besi, Bob Margolin na Winter kwenye magitaa. Muddy hakushika gitaa, aliimba tu. "Mannish Boy" ni wimbo wa kordi moja: vyombo vinagonga noti chache, vinanyamaza, sauti inaingia kwenye lile pengo. Pengo hilo linahitaji mtu wa kuitikia, kama mwimbaji wa ngoma anavyohitaji waitikiaji. Muddy alipourekodi mara ya kwanza mwaka 1955, kelele za kuitikia zilikuwamo. Winter alizirudisha, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja, hazikuhitaji kubandikwa baadaye.

Winter mwenyewe alilieleza jambo hili kwa miaka yote iliyofuata bila kugeuka: alitaka Muddy asikike kama katika zile santuri za Chess alizozipenda ujanani, na hakuna kazi aliyoionea fahari kuliko hiyo. Muddy naye alimwita mwanawe. Zilifuata I'm Ready, iliyowarudisha wenzake wa zamani Jimmy Rogers na Big Walter Horton, kisha albamu ya jukwaani, Muddy "Mississippi" Waters – Live. Zote tatu, tangu Hard Again, zilipata Grammy. King Bee ya mwaka 1981 ilikuwa ya mwisho. Bendi ilikuwa imeshaondoka kwa ugomvi wa fedha, na albamu ikajaziwa nyimbo zilizobaki kutoka Westport. Muddy alifariki tarehe 30 Aprili 1983.

Hapa pana swali zito. Kwa nini mtu aliyewafundisha kazi vijana wa Marekani na Uingereza alihitaji nyota kijana mweupe ndipo asikilizwe tena kwa heshima? Mkataba wa Winter wa mwaka 1969 ulihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Muziki aliolipiwa ulikuwa wa kina Muddy. Winter alilipa sehemu ya deni hilo kwa mikono yake. Wengine wengi hawakulipa.

Baadaye alimsimamia Sonny Terry, mpiga harmonika asiyeona, katika Whoopin', iliyotolewa na lebo ya Alligator ya Chicago mwaka 1984 huku Willie Dixon akipiga besi. Kwa lebo hiyohiyo Winter alitoa albamu zake tatu za bluzi tupu, gitaa lake la Firebird likilia chini ya kipande cha bomba la chuma alichokivaa kwenye kidole cha mwisho. Miaka ya 1990 dawa zilimdhoofisha hadi akawa anapiga ameketi. Mpiga gitaa Paul Nelson alimsaidia kuziacha, akasimamia pia albamu zake za mwisho.

Winter alifariki tarehe 16 Julai 2014 katika chumba cha hoteli karibu na Zurich, akiwa ziarani, na umri wa miaka 70. Albamu yake Step Back ilitoka Septemba mwaka huo na kushinda Grammy ya albamu bora ya bluzi mwaka 2015, miaka 37 baada ya ile ya Hard Again.